Nguvu 95, ubora 20: kisa cha nyumba iliyopoteza picha kila jioni

Nyumba ya kisa hiki iko kilomita 45 kutoka mtambo wa kanda unaorusha televisheni ya kidijitali. Mtambo umesimama juu ya kilima, katikati kuna kigongo kisicho kirefu sana, na antena ya nyumba imefungwa kwenye bomba, mita 9 kutoka ardhini. Kwa muda mrefu picha ilikuwa safi. Baadaye ikaanza kuharibika kila jua linapozama: inaganda, inapasuka vipande vya mraba, sauti inakatika-katika, kisha king'amuzi kinaandika kwamba hakuna mawimbi. Usiku ukishakuwa mkubwa picha inarudi yenyewe, na asubuhi mtu akiwasha haoni dalili yoyote ya ugonjwa.

Mtambo huo una multipleksi tatu, yaani mafungu matatu ya vituo, kila fungu likisafiri katika masafa yake. Moja liko chaneli ya UHF namba 24 (498 MHz), la pili 27 (522 MHz) na la tatu 48 (690 MHz). Fungu la 48 ndilo lililotangulia kukatika. Mengine mawili yaliendelea vizuri, kisha yakaungana na mwenzao baada ya nyumba kufanyiwa matengenezo. Naomba msomaji aushike mpangilio huo, kwa sababu ndio uliobeba jibu, na hakuna fundi aliyekuwa ameutilia maanani.

Matengenezo yenyewe yalikuwa haya. Kwanza king'amuzi kilibadilishwa. Halafu bomba likaongezwa kutoka mita 6 hadi 9 ili antena ivuke paa la jirani. Mwisho busta (kikuza mawimbi) ya zamani ya dB 20, yaani desibeli 20 za ukuzaji, ikatolewa, ikawekwa mpya ya dB 30, ile aina inayofungwa juu karibu na antena na kupata umeme wake kupitia waya uleule wa antena. Baada ya bomba na busta, mstari wa nguvu kwenye skrini ulipanda. Nilipofika ulikuwa asilimia 95, na ule wa ubora, jioni, ulikuwa ukiyumba kati ya 20 na 40.

“Fundi, nguvu imejaa mpaka mwisho,” mwenye nyumba aliniambia. “Sasa picha inaenda wapi?”

Swali hilo lilistahili kuulizwa siku ya kwanza. Mstari wa nguvu hupima jumla ya nishati inayoingia kwenye king'amuzi katika masafa kiliyoyalenga, na nishati hiyo inaweza kuwa ya kituo, ya kelele, au ya vurugu iliyozaliwa ndani ya busta. King'amuzi kinapopima nguvu hakizitofautishi. Asilimia zenyewe hazina kipimo cha pamoja. Kila mtengenezaji hupanga mstari wake anavyoona inafaa, kwa hiyo 95 ya king'amuzi hiki hailinganishwi na 95 ya kingine. Mstari wa ubora ndio unaosema kama mawimbi yanasomeka. Yule aliyeongeza busta alifuata mstari mmoja na kuuacha mwingine, na watu wengi hufanya hivyo kwa sababu nguvu ndiyo inayoandikwa juu.

Televisheni ya kidijitali ina tabia nyingine inayowachanganya wale waliozoea mfumo wa zamani. Analojia ilikuwa ikidhoofika taratibu: chenga kidogo, kisha chenga nyingi, lakini mtu aliendelea kuona. Katika DVB-T2, mfumo wa kidijitali unaopokelewa kwa antena, mawimbi yanabeba pia hesabu za kusahihisha makosa, na hesabu hizo hutengeneza picha kamilifu hata mawimbi yakiwa yamechafuka kwa kiasi kikubwa. Zinapofika ukomo wake, hakuna picha tena. Kati ya picha nzuri na kutoona kitu kuna desibeli moja au mbili tu. Nyumba inaweza kuishi miaka ukingoni bila kujua.

Kwa hiyo nilichotaka kujua kwanza ni umbali kati ya mawimbi na ukingo huo. Mita ya antena hutoa namba mbili zenye maana hapa. Moja ni kiwango cha mawimbi kwa dBµV, yaani desibeli juu ya mikrovolti moja. Nyingine ni MER, inayoonyesha mawimbi yako safi kiasi gani ukilinganisha na yalivyopaswa kuwa. Kwa mpangilio unaotumiwa na mitambo mingi ya DVB-T2, king'amuzi huhitaji usafi wa takriban dB 18 hadi 20. Fundi mwangalifu huacha akiba juu ya hapo, na mimi hupenda kuona 25 au zaidi.

Jioni, kwenye king'amuzi, nilipata viwango vikubwa kupita kiasi: karibu 75 dBµV kwa chaneli 24, na 72 kwa 48. MER ya 24 ilikuwa 19, ya 27 ilikuwa 18, na ya 48 ilikuwa 11. Nguvu nyingi, usafi hakuna. Asubuhi viwango vilikuwa vilevile, lakini MER ya 24 na 27 ilipanda hadi 25, na ya 48 hadi 21. Maana yake hata asubuhi, wakati familia inaamini kila kitu ni kizima, chaneli 48 ilikuwa imebakiwa na pumzi chache tu.

Washukiwa wa kawaida niliwapitia, ingawa wengi waliondoka haraka. Maji kwenye waya hula mawimbi, na huyala zaidi kwenye masafa ya juu, kwa hiyo kuumwa kwa 48 pekee kungeweza kuelekeza huko. Ila maji hayafuati saa, na yangepunguza kiwango. Hapa kiwango kilikuwa kimetulia. Mti uliokua njiani ungeonyesha mabadiliko ya upepo na mvua. Mwangwi kutoka mtambo mwingine unaotumia masafa yaleyale huleta MER mbovu yenye kiwango kizuri, na huyu nilimtilia shaka kweli, mpaka nilipoona kwamba eneo hilo linahudumiwa na mtambo mmoja tu katika masafa hayo.

Aliyenichukua muda ni hali ya hewa. Jioni tulivu, hewa ya joto inapokaa juu ya hewa baridi, mawimbi ya UHF yanaweza kupinda na kusafiri mamia ya kilomita, na mitambo ya mbali ikaingilia ya karibu. Jambo hilo lipo, na mafundi hulitaja kila kitu kinapokatika usiku. Lakini haliji kila siku kwa saa zilezile. Linakuja siku kadhaa, linapotea wiki nzima, linarudi hewa ikibadilika. Nyumba hii ilipoteza picha jioni ya mvua na jioni ya ukavu, jioni ya upepo na jioni ya utulivu. Kitu kinachofuata ratiba kwa uaminifu namna hiyo kwa kawaida kinawafuata watu.

Nilipopanda juu na kuangalia kule antena ilikoelekea, nililiona jambo ambalo kutoka chini lilifichwa na paa la jirani. Mita 900 hivi kutoka pale palikuwa na mnara wa simu, pembeni kidogo ya mstari wa kuelekea kilimani, labda digrii 20. Antena ya Yagi, ile ya vijiti vilivyopangwa kwenye fito moja, ya nyumbani haina macho makali kiasi cha kuutofautisha mnara ulio digrii 20 na mtambo ulio mbele yake. Wala mkao wa vijiti hausaidii sana: mtambo wa televisheni ulirusha kwa ulalo, lakini antena za minara ya simu kwa kawaida hurusha kwa mshazari wa digrii 45, kwa hiyo antena iliyolala bado hupokea nusu ya nguvu zake.

Niliunganisha mita moja kwa moja kwenye antena, bila busta. Chaneli 24 ilikuwa 49 dBµV, 27 ilikuwa 48, na 48 ilikuwa 46. Kisha nikaisogeza mita juu zaidi ya televisheni, kwenye masafa ya simu. Karibu na 763 MHz nikakuta 84 dBµV, na karibu na 796 MHz nikakuta 82. Tofauti kati ya kituo kinachotakiwa na mnara usiotakiwa ilikuwa dB 38, yaani nguvu ya mnara ilikuwa zaidi ya mara 6,000 ya nguvu ya chaneli 48. Asubuhi mawimbi hayohayo ya simu yalisomeka desibeli 8 hadi 10 chini. Mnara wa simu huongeza utoaji wake kadiri watu wanavyoutumia. Jioni, watu wakirudi nyumbani na kufungua video, unafanya kazi kwa nguvu zake zote. Ratiba ya ugonjwa ilikuwa ratiba ya majirani.

Hapa inabidi kurudi nyuma kidogo, kwa sababu busta ile haikuharibika. Ilifanya kazi iliyotengenezewa. Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 uliipangia televisheni ya kidijitali bendi ya UHF kuanzia 470 hadi 862 MHz katika Ulaya, Afrika na sehemu za Asia, na ukaweka 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa analojia katika bendi hiyo. Lakini kabla tarehe hiyo haijafika bendi yenyewe ilishaanza kukatwa. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa 2007 uliifungulia simu sehemu ya juu, kuanzia 790 MHz. Ule wa 2012 ukaamua kushuka hadi takriban 694, na wa 2015 ukakamilisha masharti yake. Chaneli zilizokuwa zikifika 69 sasa zinaishia 48. Kwa hiyo chaneli 48, inayoishia 694 MHz hasa, ni nyumba ya mwisho kabla ya mpaka, na jirani yake mpya ni simu.

Antena na busta hazijui habari hizo. Nyingi zilizo madukani na zilizo juu ya mapaa zimeandikwa 470–862 kwa fahari, kana kwamba upana huo ni sifa. Zinapokea na kukuza kipande kizima, pamoja na 168 MHz ambazo si za televisheni tena.

Ndani ya busta mambo yalikwenda hivi. Kila busta ina kilele, kiwango cha juu inachoweza kutoa bila kupotosha mawimbi. Kwa busta za nyumbani kilele hicho mara nyingi ni kati ya 100 na 105 dBµV. Hii ilipewa 84 ya mnara ikaambiwa iongeze 30, yaani itoe 114, jambo lisilowezekana. Kifaa kinapofikishwa hapo hukandamiza kila kinachopita ndani yake, na huanza kuchanganya masafa na kuzaa mengine ambayo hayakuwepo angani.

Fanya hesabu ya masafa mawili ya mnara ule. Mara mbili ya 763 ukitoa 796 unapata 730, ambayo haimgusi mtu. Lakini mara tatu ya 763 ukitoa mara mbili ya 796 unapata 697. Kila wimbi la simu pale lilikuwa na upana wa MHz 10, na zao la namna hii hutanuka hadi mara tano ya hapo, kwa hiyo lilitandaa kuanzia karibu 672 hadi 722. Chaneli 48 imekaa katikati ya tandiko hilo. Hii ndiyo sababu 48 iliugua wa kwanza, wakati busta ilikuwa bado ya dB 20. Chaneli 24 na 27, zilizo mbali, zilivumilia mpaka busta mpya ilipoletwa, busta ikakandamizwa kupita kiasi, na uchafu ukafika mpaka kwao.

Bomba pia lilichangia. Mita 3 zilizoongezwa ziliiletea antena dB 3 hivi za kituo, na wakati huohuo zikaivusha juu ya paa lililokuwa likiukinga mnara wa simu.

Sikutaka kununua chochote kabla ya kuthibitisha, na uthibitisho wa aina hii hauhitaji mita. Wa kwanza ni kuigeuza antena makusudi. Niliigeuza digrii 30 kwenda upande ulio mbali na mnara, nikiupoteza kidogo mtambo wa kanda. Mstari wa nguvu ukashuka, wa ubora ukapanda, na picha ya 24 ikakaa sawa saa mbili usiku, saa ambayo kwa kawaida ilikuwa haionekani. Mwenye nyumba alikuwa chini akinisomea namba kwa sauti. Alipoona moja inashuka na nyingine inapanda alinyamaza, kisha akasema, “Basi nguvu ndiyo iliyokuwa inatuua.” Karibu sawa.

Uthibitisho wa pili ni bora zaidi. Ukiweka kipunguzio, kifaa kidogo kinachodhoofisha mawimbi, cha dB 10 kati ya antena na busta, kituo kinashuka dB 10, lakini uchafu unaozaliwa ndani ya busta hushuka kwa kasi ya mara tatu, au mara tano kwa lile zao la 697. Ukiona kwamba kupunguza mawimbi kunaongeza ubora, busta imezidiwa, na huna haja ya kubishana na mtu tena. Kama ubora ungeshuka pamoja na nguvu, basi tatizo lingekuwa mawimbi hafifu, na busta ingekuwa haki yake kuwepo. MER ya 48 ilipanda kutoka 11 hadi 16.

Busta nikaiondoa kabisa. Nasisitiza kuondoa, kwa sababu wapo wanaochomoa umeme wake tu na kuona picha imepotea, wakahitimisha kuwa haiwezekani kuishi bila busta. Busta nyingi za juu zikikosa umeme haziruhusu mawimbi kupita. Lazima waya ufunguliwe na kuunganishwa moja kwa moja kwa kiunganishi cha ohmu 75.

Bila busta, baada ya hasara ya waya wa mita 20, chaneli 48 ilifika kwenye king'amuzi ikiwa 42 dBµV. Mtu aliyezoea 72 angeogopa. Lakini kelele ya asili katika upana wa chaneli moja ya televisheni, ukijumlisha na ya king'amuzi chenyewe, ni takriban 10 dBµV. Nafasi ya dB 32 inatosha na kubaki. Chaneli 24 na 27 zilipanda hadi MER 29 na kutulia kabisa usiku kucha.

Ya 48 haikupona. Ilifika 17, ikaendelea kukatika. Wengi wangesimama hapo na kusema mtambo una matatizo upande wa 48. Sababu ilikuwa bado ileile, ila imehamia hatua moja mbele: sasa king'amuzi chenyewe kilikuwa kinapokea kituo dhaifu pamoja na mnara uliokizidi kwa dB 38, na sehemu yake ya mwanzo haikuweza kubeba tofauti hiyo. Kuondoa busta kulipunguza ukuzaji. Hakukupunguza pengo.

Pengo hupunguzwa na kichujio peke yake. Nilifunga kinachopitisha hadi 694 MHz na kukata juu ya hapo, na nilikifunga juu, karibu na antena, kabla ya kifaa kingine chochote chenye umeme. Mahali ndipo penye siri: kichujio kilichowekwa baada ya busta iliyozidiwa hakisaidii kitu, maana uchafu uliokwisha kuzaliwa ndani ya 690 unaonekana kwake kama chaneli halali. Kichujio chenyewe kina bei yake ya desibeli. Hakiwezi kukata kama kisu ukingoni, kwa hiyo chaneli 48, inayogusa mpaka, hupoteza dB 2 au 3 ambazo 24 na 27 hazipotezi. Ilishuka hadi 40 dBµV kwenye king'amuzi, na MER yake ikapanda hadi 27. Saa tatu usiku, watu wote mtaani wakiwa kwenye simu, haikutikisika.

Nyumba ina televisheni mbili, na kigawanyio hula dB 4 kwa kila upande. Kwa hiyo busta ilirudi, ndogo, ya dB 12, yenye kelele ndogo, ikafungwa juu mara baada ya kichujio. Hilo liliwashangaza. Lakini busta ikiwa juu hukuza mawimbi kabla waya haujayala. Ikiwa chini, nyuma ya televisheni, hukuza kile kilichosalia pamoja na kelele. Ikiwa na kichujio mbele yake na ukuzaji wa kiasi, inafanya kazi nzuri. Sina ugomvi na busta. Ninachokipinga ni desibeli 30 kuuzwa kama dawa ya kila picha inayokatika.

Na napinga jambo jingine. Familia hii ililipia king'amuzi, bomba na busta kwa sababu ya uamuzi wa masafa ambao haikuulizwa wala kuelezwa. Uingereza, simu za 4G zilipoingia kwenye 800 MHz, kampuni za simu zilianzisha at800, shirika lililowatumia wenye nyumba taarifa na vichujio kabla minara haijawashwa. Jambo hilo halihitaji teknolojia kubwa. Linahitaji mtu kuamua kwamba anayeleta mawimbi mapya ndiye anayebeba gharama ya kuyazuia pale yasipotakiwa. Mnara unapowashwa karibu na nyumba zinazotegemea mtambo wa mbali, ramani ya nani ataathirika inajulikana mapema: umbali, mwelekeo wa antena, na ukubwa wa mawimbi ya kituo. Taarifa ya ukurasa mmoja ingetosha.

Katika mtaa ule jirani wawili wana antena zinazotazama upande uleule na wanapoteza 48 kila jioni. Mmoja wao alikuwa tayari ameagiza busta. Nilimwomba aanze na kipunguzio, na kama ubora utapanda, airudishe busta anunue kichujio. Jirani mwingine anatumia antena ya ndani iliyowekwa juu ya televisheni, na kwake kuna jambo la ziada: simu yenyewe hurusha kuanzia 703 MHz, MHz 9 tu juu ya mpaka wa chaneli 48, na simu iliyo mkononi mwa mtu aliyekaa kwenye kochi iko karibu na antena hiyo kuliko mnara wowote. Kwake kichujio pekee huenda kisitoshe. Nilimshauri aitoe antena nje, na aipange upande ambao nyumba yenyewe inaukinga mnara.